Aliyeiga Mwendo wa Mama

Juzi nilikwenda Kimuli kwenye posa ya binamu yangu. Nilipoinama mlangoni kuvua viatu, nikakutana na harufu ya nyasi kavu. Wenyeji walikuwa wametandaza nyasi sebuleni kwa utaratibu wa zamani, zikafunika saruji toka ukuta hadi ukuta, na juu yake wakaweka mikeka ya wageni. Waliokuwa nyuma yangu wakauliza kama nimeangusha kitu, maana nilikawia kuinuka. Nikasema hapana, viatu vinabana.

Sikuwa nimeangusha kitu. Nilikuwa nimerudi Mabira, katika sebule ya mama yangu, ambaye nyasi zake zilisifiwa kilima kizima. Alizikata mwenyewe, akazianika, akazitandaza zote zikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Sisi watoto tukipita mbio zikavurugika, alituita mmoja mmoja turudi kuzilaza. Ukilala juu yake mchana, unaamka na alama za mistari shavuni na usingizi wenye harufu tamu. Nadhani wengi wa rika langu mnaikumbuka harufu hiyo.

Asubuhi moja Mama alikuwa anamenya ndizi, kisu kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Nikacheka, nikidhani anatuchezea. Aliponigeukia kunijibu, mdomo wake ulikuwa umeshuka upande mmoja na maneno yakatoka kama yaliyolowa maji. Bibi, mama yake baba, akapiga ukunga. Wanaume wakambeba kumpeleka hospitali, na jioni ile ndipo nilisikia kwa mara ya kwanza neno kiharusi. Nilidhani ni jina la mtu aliyempiga.

Akiwa bado hospitalini, rafiki yake Agripina aliugua ghafla akafariki. Agripina alikaa ng'ambo ya kijito, kilima cha pili, na haikupita siku bila yeye kuja kwetu au Mama kwenda kwake. Walifichiana siri, waliazimana chumvi, waligombana na kupatana kabla maharage hayajaiva. Agripina alizikwa Mama akiwa kitandani, asijue. Walimwambia aliporudi nyumbani, mguu wa kulia ukiburuzika na mkono wa kulia umejikunja kifuani. Siku hiyohiyo Bibi akazizoa nyasi zote sebuleni, kwa sababu mguu ule ungenasa. Sakafu ikabaki tupu. Mama akageukia ukutani.

Baada ya wiki kadhaa akaja mjomba wangu, kaka yake Mama, ofisa wa serikali kule Bukoba. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya mkutano. Nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akimwambia Baba, "Shemeji, huku ni kubaya kwake. Mteremko, mawe, visiki vya migomba. Kwangu sakafu ni laini kama sahani, choo kiko ndani. Nimpeleke."

Baba akasema, "Tumsikilize kwanza huyo daktari wa mazoezi anayetumwa na hospitali. Akisema hawezi kutembea huku, utamchukua."

Mimi nikaelewa hivi: kuna mtu anakuja kumpa Mama mtihani. Akishindwa, atachukuliwa.

Aliyekuja alikuwa Zuhura. Alishuka kwenye bodaboda na mtandio wake umejaa vumbi jekundu, akatusalimu kwa Kinyambo, lugha yetu, kizuri hata Bibi akashangaa. Alizaliwa Kayanga, babu zake walitoka pwani, na baba yake aliuza vitambaa mjini. Alitueleza kwamba yeye si daktari bali ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kazi yake ni kupima jinsi watu waliopata kiharusi wanavyotembea katika maisha yao ya kila siku. Maelezo hayo hayakumsaidia. Kwetu, mtu aliyetoka hospitali na hakulazwa huko ni daktari. Tukamwita Daktari Zuhura.

Alikaa chini kando ya Mama, akauliza swali moja ambalo mpaka leo, nikimtembelea mgonjwa yeyote, hunijia kichwani.

"Mama Koku, unataka kutembea ufike wapi?"

Baba akajibu, "Afike jikoni na chooni tu, Daktari. Inatosha."

"Samahani, Baba Koku. Nimemuuliza mwenye miguu."

Bibi akaziba mdomo kwa kanga kuficha kicheko. Mama alichukua muda, maneno yake bado yalikuwa mazito. "Kwa Agripina," akasema. "Sijahani."

Zuhura alielewa, kwa kuwa amekulia kwetu. Kwetu mtu asiyefika msibani hana uso wa kupita mbele ya nyumba ile tena. Anaweza kusamehewa akiwa mgonjwa, lakini yeye mwenyewe hajisamehe. Baba akasema angemtafutia bodaboda hata kesho. Mama akatikisa kichwa. Mkono wake mmoja haushiki, angeanguka. Halafu, akasema polepole, Agripina alikuja kwake kwa miguu siku zote.

"Lakini hospitali walituambia anatembea vizuri," akasema Mjomba, ambaye alikuwa bado hajarudi Bukoba.

"Koridoni anatembea vizuri," Zuhura akajibu. Hakuwa na haraka, alieleza kama mtu anayemenya chungwa. "Korido ni tambarare, kuna ukuta wa kushika, na mgonjwa ana kazi moja tu, kutembea. Huku nyumbani hakuna mtu anayetembea tu. Mtu anatembea kubeba maji, anatembea akimkwepa mbuzi, anatembea akiwaza mtoto amekula nini. Nikitaka kujua kama Mama Koku anaweza kuishi hapa, lazima nimwone akitembea hapa."

Hivyo akaja tena, na tena. Alimwomba Mama afanye mambo ya kawaida: atoke kitandani aende jikoni, abebe kikombe cha uji kwa mkono mzima, avuke kizingiti, ashuke kwenye kibanja kati ya migomba. Yeye alikwenda nyuma yake kidogo, upande wa mguu mbovu, mkono umenyooshwa nusu lakini haugusi. Mimi nilimtazama usoni muda wote nikitafuta alama. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akikunja midomo kabla hajaandika kosa. Zuhura hakukunja chochote, na hilo lilinitia hofu zaidi. Siku moja alimwita Mama kwa nyuma, "Mama Koku!" Mama akageuka, akayumba, uji ukamwagika. Nikaona ni hila. Nikamchukia.

Halafu kulikuwa na suala la salamu. Njia ya watu wote ilipita pembeni mwa kibanja chetu. Mama akiwa katikati ya zoezi, jirani akipita alisema kwa heshima ya Kinyambo, "Mama Koku, umeamkaje waitu?" Mama akasimama kabisa, akajibu, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua upande wa Kaisho. Jirani akaenda zake. Mama akataka kuendelea, na mguu ukakataa kuanza, kama ng'ombe aliyefika mtoni.

"Ungejaribu kujibu huku ukitembea?" Zuhura akauliza.

Bibi ndiye aliyejibu. "Ajibu akitembea? Kwani anakimbia polisi?"

Zuhura akacheka mpaka akajifuta macho. "Haya, Bibi, nimeshindwa. Basi safari yake kwenda kwa Agripina haitakuwa safari moja. Itakuwa safari ndogo nyingi, kila salamu inaanzisha mpya. Tutamfundisha kuanza." Akatueleza kwamba kuanza ni kugumu kuliko kuendelea, na kwamba akitakiwa kutembea na kuongea kwa pamoja mwili wake huacha kimoja; afadhali asimame kwa heshima kuliko aanguke kwa haraka. Wakubwa wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilisikia tu neno "nimeshindwa", nikatumaini kwamba maana yake ni kuwa Mama ameshinda.

Siku iliyofuata alipokuja, nilitumwa nyuma ya jiko kuchukua kuni. Nikamwona Zuhura peke yake kati ya mibuni. Alikuwa anatembea. Mkono wa kulia ameukunja kifuani, bega limeshuka, uso umeinama, na mguu wa kulia anauzungusha kwa nje na kuuburuza kwenye majani makavu. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, akageuka kwa shida, akarudi hivyo hivyo.

Alikuwa anamwiga Mama.

Lazima mjue tulivyolelewa. Palikuwa na mzee mmoja aliyechechemea, na wakati fulani sisi watoto tulimfuata barabarani tukichechemea nyuma yake. Bibi alituchapa kwa fito za mbuni, kisha akatukalisha chini na kutuambia jambo lililouma kuliko fito: "Ukimwiga kiwete, mguu wako hausahau." Kwa muda mrefu nilikuwa nikiamka asubuhi na kuipima miguu yangu kama ina urefu sawa. Sasa huyu, mtu mzima, mgeni aliyekula ndizi zetu, alikuwa anamdhihaki mama yangu nyuma ya jiko.

Niliacha kuni, nikamkimbilia Bibi. Bibi hakuuliza mara mbili. Alijifunga kitenge vizuri, akamwita Zuhura uani, mbele ya Mama aliyekuwa ameketi kwenye kigoda.

"Binti," akasema, na kumwita binti badala ya Daktari kulitosha kutujulisha hali. "Mtoto amekuona ukimwiga mgonjwa wetu. Ni kweli au mtoto amesema uongo?"

"Ni kweli, Bibi. Nimemwiga."

Bibi alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa ukweli. Akapepesa macho. "Unakubali?"

"Nakubali. Na kosa langu ni kwamba sikuomba ruhusa kwanza. Nisamehe, Bibi. Nisamehe, Mama Koku." Kisha akanigeukia na mimi, mtoto wa darasa la tatu. "Na wewe, Koku, umefanya vizuri kumtetea mama yako."

Sikujua nifanye nini na sifa iliyotoka kwa adui.

"Macho yangu yananionyesha mguu wake unapita wapi," akaendelea. "Hayanionyeshi anachokea wapi. Nikiuvaa mwendo wake kama mtu anavyovaa koti la mwenzake, mwili wangu unaniambia pale panapobana. Sasa hivi, kwa mfano, nyonga yangu ya kushoto inawaka moto, na ni mguu wa kulia nilioburuza. Hilo nisingelijua kwa kutazama."

Bibi alikuwa bado amesimama kama mlango uliofungwa. Nilijua angesema Zuhura aondoke asirudi, na hata mimi nilielewa maana yake: Mjomba angekuja kumchukua Mama. Ghafla hasira yangu ikageuka hofu.

Ndipo Mama akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, kikiwa na mate kidogo, lakini kilikuwa kicheko chake. Hatukuwa tumekisikia tangu siku ya kisu.

"Mnagombania mwendo wangu," akasema, "na mimi mwenyewe sijauona. Hebu nione."

Ilikuwa kweli. Kioo chetu kilikuwa cha ukubwa wa kiganja, kimetundikwa dirishani ili Baba anyolee ndevu. Mama hakuwahi kujiona zaidi ya kidevu. Zuhura akamtazama Bibi. Bibi akanyamaza, na kwa Bibi kunyamaza ni ruhusa. Zuhura akaukunja mkono, akashusha bega, akavuka uwanja.

"Kumbe natazama chini hivyo?" Mama akauliza. "Kama kuku anayetafuta mchwa!"

"Mimi sikutaka kusema," Zuhura akajibu.

"Na mkono nimeubana, utadhani mtu ataninyang'anya. Rudia."

Akarudia. Mama hakucheka tena. Alitazama kwa makini, kama alivyotazama kitambaa kabla ya kukinunua, akiona uzi ulioharibika uko wapi. "Mguu haujafa," akasema mwishoni. "Ni goti halikunji. Mimi nilidhani mguu umekufa."

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Bibi akakunja mkono wake wa kulia kifuani. Akashusha bega. Akaanza kuvuka uwanja akiburuza ndala, uso umekaza, yule yule aliyetuchapa kwa fito. Alikwenda mpaka kizingiti cha jiko, na hapo ndala ikagonga, akashika mwimo wa mlango.

"Hapa!" akapiga kelele. "Hapa ndipo mtu anapoangukia!" Akabaki ameegemea, anahema. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Mwanangu. Kumbe unachoka hivi, na mimi kila siku nakwambia jikaze."

Wakati huohuo Baba akatokea shambani, jembe begani, akamwona mama yake mzazi mlangoni, mkono umejikunja na mguu umelegea. Jembe likaanguka. "Mama! Na wewe tena?"

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna sherehe.

Bibi hakumwambia Mama "jikaze" tena. Baba, ambaye naye alijaribu mwendo ule jioni akidhani hatumwoni, alikichonga kizingiti cha jiko kikawa sawa na sakafu, akachimba ngazi za udongo kwenye mteremko wa kibanja. Nami nilijua sasa kwamba Zuhura hakuwa mwalimu wa kukunja midomo. Alikuwa anatafuta njia ambayo Mama angepita. Mazoezi yakaendelea msimu mzima wa kuchuma kahawa. Mama alijifunza kukunja goti, kuangalia mbele, kusimama, kusalimu na kuanza. Alijifunza pia kuketi mkekani na kuinuka, kwa sababu Zuhura alikumbuka kuwa msibani hakuna anayeletewa kiti kama anaweza kukaa chini. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Alianguka mara nyingi, akalia mara nyingine, na siku nyingine alikataa kabisa, na Zuhura akanywa chai akaondoka bila kulalamika.

Msimu ulipokwisha, Mjomba alirudi na gari la kukodi. Alikuwa ameshatandika kiti cha mbele kwa blanketi na mto.

"Shemeji, subiri kidogo," Baba akamwambia. "Leo ana safari."

Tulishuka kibanja Mama akiwa mbele na fimbo yake, Zuhura nyuma upande wa kulia, sisi wengine nyuma yao, Mjomba na viatu vyake vyeusi wa mwisho. Ngazi za Baba zikamshusha salama. Njiani watu wakasalimu, na kila aliyesalimu alisalimiwa sawasawa, habari za watoto na ng'ombe na mvua. Mama alisimama, akamaliza, akavuta pumzi, akainua goti, akaanza. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo kando yake.

"Mama Koku, panda nikusogeze. Bure!"

"Mwanangu, wewe nisogezee hiyo pikipiki tu, umeziba njia."

Kwenye kijito palikuwa na magogo mawili yaliyolazwa. Mama alisimama hapo muda mrefu. Mjomba akapita mbele haraka amshike, Zuhura akamzuia kwa kumgusa mkono. "Anafikiri," akamnong'oneza. "Mwache afikirie." Mama akaweka fimbo, akatazama ng'ambo, si miguuni, akavuka.

Mama yake Agripina, kikongwe mwenye macho yaliyofifia, alikuwa mbele ya nyumba anapukuchua maharage. Alisikia fimbo kabla ya kuona mtu. Mama alipiga goti zima, akashusha la pili kwa mkono, akakaa kwenye mkeka mbele yake, na hapo ndipo akalia. Kikongwe akalia naye. Walilia kwa sauti, kama inavyotakiwa, na majirani wakatoka wakaja kukaa, kana kwamba Agripina amezikwa asubuhi ile.

"Umechelewa, mwanangu," kikongwe akasema baadaye.

"Nimechelewa, mama. Nilikuwa njiani."

Ulipofika wakati wa kuondoka, mikono mingi ilinyooka kumwinua. Zuhura alikuwa amesimama mbali, kwenye mibuni, na hakusogea. Mama akawaomba wamwache. Akageuka upande, akaegemea mkono mzima, akapiga goti, akaweka mguu, akasukuma. Aliyumba mara moja. Kisha akawa amesimama, kitenge kimejaa maganda ya maharage, akiaga.

Nimeshukuru watu wengi maishani, na wengi wao walinipa vitu. Daktari Zuhura hakutupa kitu. Alimuuliza mama yangu anataka kufika wapi, akaamini jibu, akabeba mwendo wake mwilini mwake mpaka akajua unauma wapi. Mama bado yuko Mabira. Mguu haukupona wote, na hakuna aliyemdanganya kwamba utapona. Lakini hakuna msiba wa kilimani kwetu aliokosa tangu siku ile.

Jioni ya siku ile ya safari Mjomba alizunguka gari, akautoa mto, akaukunja na lile blanketi. Mama alikuwa mlangoni, amechoka, anamtazama.

"Kaka, usirudi na kiti kitupu," akamwambia. "Baba Koku, mkatie mkungu."

Basi kiti alichotandikiwa Mama kilikwenda Bukoba na mkungu mnene wa ndizi, umefungwa mkanda ili usianguke kwenye kona.